Uzamifu katika taaluma ya kuvu: vibali kwanza, sampuli baadaye

Kila msimu wa ufadhili ukikaribia, ofisi yetu ya shahada za juu hupokea malalamiko ya aina moja, na safari hii yamezidi. Mwanafunzi amepata nafasi ya uzamifu (PhD) Uholanzi au Ujerumani, msimamizi wake anasubiri sampuli za kuvu, yaani ukungu, uyoga na jamaa zao, kutoka Kenya, na sasa analalamika kwamba serikali inamzuia kusoma. Hakuna anayemzuia. Ameanza mwisho.

Nafasi zenyewe tunataka zichukuliwe, na vijana wetu hasa, kwa sababu kuvu zinagusa maisha yetu. Mwaka 2004 aflatoksini, sumu ya ukungu wa Aspergillus flavus kwenye mahindi, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao wakiwa wa Makueni na Kitui. Kule Njoro, ngano ya mataifa mengi hupandwa ipimwe dhidi ya Ug99, kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2020 watafiti wa icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu kilichoko Nairobi, walieleza jinsi Microsporidia MB, kiumbe cha ukoo wa karibu na kuvu, inavyozuia vimelea vya malaria ndani ya mbu. Icipe hiyohiyo inaendesha mpango wa uzamifu uitwao ARPPIS tangu 1983, na kuvu zinazoua wadudu, kama Metarhizium, ni sehemu ya kazi zake. Si lazima upande ndege.

Ukiamua kupanda, utaratibu ni huu. Kwanza, leseni ya utafiti kutoka NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Pili, ridhaa ya maandishi ya wenye eneo, iliyotolewa baada ya wao kuelezwa kazi yote: mwenye shamba, jamii, na KWS (shirika la wanyamapori) au idara ya misitu pale inapohusika. Tatu, kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, cha kufikia rasilimali za kijenetiki (viumbe au sehemu zake zenye vinasaba), chini ya kanuni za mwaka 2006. NEMA hutangaza ombi katika Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti linalosomwa nchini kote, ili mwenye pingamizi alilete, kisha hutoa uamuzi ndani ya siku 60. Ombi lenye karatasi pungufu hurudishwa, kwa hiyo msihesabu siku hizo kwa matumaini. Kibali hudumu mwaka mmoja na huombewa upya, ilhali uzamifu ni miaka mitatu au zaidi; wekeni jambo hilo kwenye ratiba mapema.

Nne, hakuna sampuli inayovuka mpaka bila mkataba wa kuhamisha nyenzo kutiwa saini. Mkataba huo ndio unaosema nani atamiliki nini na Kenya itafaidikaje iwapo dawa au kiuatilifu kitapatikana. Sampuli ikitoka kwenye mmea au udongo, ulizeni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kuhusu cheti, na nchi inayopokea kuhusu kibali chake cha kuingiza.

Anayevunja kanuni hizi akipatikana na hatia anakabiliwa na kifungo kisichozidi miezi 18, faini isiyozidi shilingi 350,000, au vyote viwili.

Tunaambiwa mara kwa mara kwamba uyoga umeota kwenye kichuguu cha babu, kwa hiyo ni mali ya familia. Ridhaa ya babu inahitajika, ndiyo, lakini haitoshi. Tunaambiwa pia kwamba DNA iliyokwisha kutolewa si kuvu tena. Ni rasilimali ya kijenetiki, na inahitaji karatasi zilezile. Wengine wamesoma nusu ya msamaha uliomo kwenye kanuni: unahusu utafiti wa kielimu ulioidhinishwa, unaofanywa humu nchini na taasisi za Kenya zinazotambuliwa. Bahasha ikielekea Utrecht, Uholanzi, msamaha huo hauihusu.

Wala msimlaumu profesa anayekataa kufungua kifurushi chenu. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu kufikia rasilimali za kijenetiki na kugawana faida zake, ilianza kutumika Oktoba 2014, na sheria ya Umoja wa Ulaya inamtaka atunze hati za asili ya sampuli kwa miaka 20 baada ya kumaliza kuzitumia.

Kwa wale ambao sampuli zao tayari ziko nje bila kibali: simamisheni kazi ya maabara, msichapishe chochote, na muiandikie NEMA kupitia chuo chenu mkieleza zilichukuliwa wapi na lini. Hatuwezi kuahidi jibu litakuwa lipi, kwani uamuzi ni wa NEMA, lakini barua hiyo iandikwe kabla hamjaulizwa.