Ukoloni uliobaki kwenye katalogi ya maktaba ya chuo

Ingia maktaba yoyote ya chuo inayotumia mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba za mada, chukua riwaya mbili, moja ya Mwingereza na moja ya Kiswahili, kisha tazama lebo zilizobandikwa mgongoni. Ya Mwingereza ni 823, tarakimu tatu basi. Ya Kiswahili ni 896.3923.

Katika mfumo huo, ambao Mmarekani Melvil Dewey aliuchapisha kwa mara ya kwanza mwaka 1876, fasihi zote za dunia zimepangwa kati ya 800 na 899. Marekani ina 810, Uingereza 820, Ujerumani 830, Ufaransa 840, Italia 850, Hispania 860. Kilatini na Kigiriki cha kale vimepewa kumi nzima kila kimoja. Waliobaki, yaani Warusi, Waarabu, Wachina, Wahindi na Afrika nzima, wanabanana kwenye 890. Fasihi za mamia ya lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, zimewekwa nyuma ya namba moja, 896. Kwenye dini hali ni hiyo hiyo: Biblia na Ukristo vimechukua kuanzia 220 hadi 280, Uislamu una 297, na dini za jadi za Waafrika utazikuta 299.6, karibu na mwisho wa fungu.

Nimeanza na lebo kwa sababu mjadala wa kuondoa ukoloni katika elimu ya juu kwa kawaida huanzia kwingine. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba waliandika hoja ya kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi, ili fasihi ya Afrika iwe kiini cha masomo badala ya kuwa nyongeza. Tarehe 9 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Cape Town kiliing'oa sanamu ya Cecil Rhodes baada ya wanafunzi kuandamana. Mtaala na sanamu ni mambo yanayoonekana, ndiyo maana watu huyapigania. Katalogi, yaani orodha ya maktaba inayoeleza kila kitabu na mahali kilipo, haionekani. Lakini mhadhiri anaweza kubadilisha orodha yote ya vitabu vya somo lake, na mwanafunzi akifika maktaba asivipate, vitabu vikiwa rafuni pale pale.

Huwa hivi. Chuo kikinunua kitabu, mkutubi hana muda wa kukaa nacho na kukisoma. Anaingia mtandaoni kuangalia kama kuna maktaba kubwa ya nje iliyokwisha kukiorodhesha. Akiipata rekodi yake, yaani maelezo ya kitabu hicho kwenye katalogi, anaipakua, anabandika lebo, anageukia kitabu kinachofuata. Kwa maktaba yenye watumishi wachache na mrundikano wa vitabu, sioni wa kumlaumu. Matokeo yake ni kwamba kitabu kilichoandikwa Zanzibar na kuchapishwa Dar es Salaam kinaelezwa kwa maneno yaliyochaguliwa Washington. Library of Congress, maktaba ya taifa ya Wamarekani kwa shughuli zote isipokuwa jina, ina ofisi Nairobi tangu mwaka 1966 inayonunua vitabu vya ukanda wetu. Kwa hiyo usishangae kitabu cha mchapishaji wa mtaani kwako kikawa na rekodi nzuri kule kabla ya kuwa nayo hapa.

Maneno yanayoelezea kitabu kinahusu nini sisi wakutubi tunayaita vichwa vya mada. Huchaguliwa kutoka orodha rasmi, na orodha inayotumika zaidi duniani ni ya Library of Congress, kwa Kiingereza. Mwanafunzi akiandika "unyago" au "uganga" kwenye kisanduku cha kutafutia, mfumo unamletea tu vitabu vyenye neno hilo kwenye jina. Tasnifu nzima kuhusu mafunzo ya wari pwani ya Tanzania haitatokea, kwa kuwa imesajiliwa chini ya maneno ya Kiingereza ambayo yeye hakuyawaza. Naye ataondoka akiamini kwamba hakuna kilichoandikwa. Hili ndilo linaloniudhi kuliko namba ndefu za Dewey. Namba ndefu ni dharau tu. Kitabu kisichotafutika ni sawa na kitabu ambacho hakikununuliwa.

Kuna nyakati ambapo maneno yenyewe ni matusi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Mmarekani Sanford Berman alikuwa akifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka. Wenzake Waafrika walimweleza kwamba "Kafirs", kichwa cha mada kilichokuwa kwenye orodha rasmi kwa ajili ya baadhi ya watu wa kusini mwa Afrika, ni tusi ambalo Makaburu walilitumia kila siku. Berman akaanza kuichambua orodha ile kichwa kwa kichwa, na mwaka 1971 akachapisha kitabu kizima cha kuikosoa na kupendekeza maneno mbadala. Akafanya kazi pia Makerere, kisha akarudi kwao na kuendelea kuisumbua Library of Congress kwa barua kwa miongo mingi. Watu huitaja hadithi hii kama sifa ya Berman, na anastahili. Ila waliolijua tatizo kwanza ni wakutubi wa Lusaka, ambao majina yao hayatajwi popote hadithi hiyo inaposimuliwa.

Mabadiliko ya orodha hiyo huenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2014 wanafunzi wa chuo cha Dartmouth, Marekani, waliomba kichwa cha mada "Illegal aliens" kifutwe kwa kuwa kinawadhalilisha wahamiaji wasio na vibali. Library of Congress ikakubali mwaka 2016, wabunge wakaingilia kati kuzuia, na kichwa hicho kikabadilishwa mwaka 2021. Miaka 7 kwa maneno mawili, tena kwa wenyeji wa nchi yenye orodha hiyo. Sisi tukisubiri wabadilishiane huko ndipo tunakili, tutasubiri sana.

Sasa tuje kwenye jina la mwandishi, ambapo dhuluma iko wazi zaidi. Mwaka 1903 kilichapishwa Göttingen, Ujerumani, kitabu cha Kiswahili kiitwacho "Desturi za Wasuaheli". Kinaeleza uzazi, jando, ndoa, madeni, ngoma, uganga na misiba ya watu wa Mrima, kwa Kiswahili ambacho mzee wa Bagamoyo leo angekisoma bila taabu. Mwandishi wake mkuu ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki. Lakini ukurasa wa mbele ulibeba jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Kanuni za uorodheshaji hufuata ukurasa wa mbele. Basi Velten akaingia kwenye kadi za katalogi, kutoka kwenye kadi akaingia kwenye kompyuta, na anayemtafuta Mtoro kwa jina lake hakioni kitabu chake. Mtoro alifariki Ujerumani mwaka 1927. Tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen ilipotoka mwaka 1981, jina la Mtoro liliwekwa kwenye jina la kitabu, ndipo maktaba nyingi zikaanza kumwona.

Kumwongeza Mtoro kwenye rekodi ya toleo la 1903 ni kazi ya dakika chache. Kuna nafasi ya kuandika waandishi wengine, na hakuna kanuni inayokataza. Sababu ya kutofanyika ni kwamba hakuna aliyeombwa kufanya. Makabati yetu yamejaa kazi za aina hii: ngano, tenzi, historia za koo na kamusi ambazo mzungumzaji aliyezitoa kichwani mwake ameshukuriwa kwenye dibaji na aliyeshika kalamu ndiye mwandishi. Sisemi wahariri wafutwe. Velten alifanya kazi yake. Abaki kama mhariri.

Hata mwandishi anayetajwa anaweza kupotea kwa sababu ya mpangilio wa jina. Mifumo mingi inadhani kila mtu ana jina la ukoo, na inalitanguliza. Mtu aitwaye Muyaka bin Haji unaweza kumkuta chini ya M, ya B au ya H, kutegemea nani aliorodhesha na siku ile alikuwa na haraka kiasi gani. Mfumo unahesabu waandishi watatu, na anayetafuta anaona theluthi ya kazi.

Baadhi ya wenzangu wanataka tuachane na Dewey na Library of Congress moja kwa moja. Nawaelewa, ila siwaungi mkono. Namba za pamoja ndizo zinazomwezesha mtafiti wa Mombasa kujua kwamba kitabu anachokitafuta kiko Kampala. Isitoshe, milango ya kurekebisha ipo ndani ya mifumo hiyo hiyo. Miongozo ya Dewey inaruhusu maktaba kuipa fasihi ya kwao namba fupi na ya mbele, na kuipa dini nyingine nafasi kubwa ambayo Ukristo umepewa. Sisi ndio tumeifuata kama msahafu.

Katika hili aliyetutangulia ni Dorothy Porter, mwanamke Mweusi aliyekabidhiwa mwaka 1930 mkusanyiko wa vitabu vya watu Weusi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Alikuta maktaba za wazungu zikimrundika mwandishi Mweusi, awe mshairi au mwanahistoria, kwenye 325, namba ya ukoloni, au 326, namba ya utumwa. Akaona ni upuuzi. Hakungoja idhini ya mtu. Akaanza kuvipanga vitabu hivyo kufuatana na kile kinachozungumzwa ndani yake: ushairi kwenye ushairi, historia kwenye historia, muziki kwenye muziki. Mkusanyiko huo leo ni miongoni mwa mikubwa duniani kwa historia ya watu Weusi.

Kwa upande wetu vifaa vipo. Maktaba nyingi za vyuo vya Afrika Mashariki zinatumia Koha, programu ya bure inayomruhusu mkutubi kuongeza maneno ya mada kwa lugha yoyote pembeni ya yale ya Kiingereza. Istilahi nazo hazikosekani: BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, iko kazini tangu 1967, na TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilirithi kazi ya miaka mingi ya kamusi kutoka TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Kinachokosekana ni orodha moja ya vichwa vya mada kwa Kiswahili ambayo vyuo vyetu vimekubaliana kuitumia, maana kila mmoja akibuni yake, Morogoro wataandika "tiba asili", Mombasa "dawa za kienyeji", na tutakuwa tumetengeneza vurugu mpya.

Orodha hiyo ikisubiriwa, kuna mambo yasiyohitaji kikao. Mwanafunzi wa uzamili unapowasilisha tasnifu, fomu inakutaka uandike maneno muhimu. Andika ya Kiswahili pia, na ya lugha ya watu uliowatafiti kama ipo, hata kama tasnifu ni ya Kiingereza. Mhadhiri unapotuletea orodha mpya ya vitabu vya somo, usiishie kwenye majina ya vitabu. Tuambie wanafunzi wako wanaiitaje mada hiyo wanapozungumza. Na yeyote atakayekuta rekodi ambayo mwandishi wake halisi hayumo, au iliyotumia jina la dharau kwa kabila fulani, aje kwenye dawati la uorodheshaji na namba ya kitabu. Rekodi moja hurekebishwa mtu akiwa bado amesimama hapo.