Siku 1000 za kwanza hazianzi siku ya kuzaliwa

"Mtoto wako ana miezi kumi? Bado una siku mia saba za kumjenga." Sentensi za namna hii zimeenea sana kwenye semina za malezi, kwenye video fupi, na wakati mwingine midomoni mwa watu waliosomea afya. Zinasemwa kwa nia njema, ila hesabu yake haiko sawa. Mtoto wa miezi kumi amekwisha kutumia siku zipatazo 570 kati ya 1000, kwa sababu hesabu huanza mimba inapotungwa.

Maana yenyewe ni fupi. Siku 1000 za kwanza ni kipindi cha tangu kutungwa kwa mimba hadi mtoto atimize miaka miwili. Katika kipindi hicho mwili na ubongo hukua kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo lishe, maradhi na malezi huacha alama kubwa zaidi. Ujauzito ni siku 270, mwaka wa kwanza 365, wa pili 365. Jumla ni 1000.

Jumla hiyo imekaa vizuri mno, na ni kweli kwamba imezungushwa. Kuanzia mimba kutungwa hadi kujifungua ni wastani wa siku 266 hivi. Kliniki huhesabu kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, nao hupata 280. Hakuna swichi inayozimwa mwilini mwa mtoto siku ya 1001. Watafiti wenyewe hawakuanza na namba hiyo. Wao walisema "tangu kutungwa mimba hadi miezi 24". Benki ya Dunia ilikitilia mkazo kipindi hicho katika ripoti yake ya lishe ya mwaka 2006, kisha Januari 2008 jarida la kitabibu la The Lancet likatoa mfululizo wa makala uliokipa uzito zaidi. Namba ilikuja kupata umaarufu Septemba 2010 jijini New York, pale Hillary Clinton, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, na mwenzake wa Ireland, Micheál Martin, walipozindua kampeni iliyobeba jina la siku hizo 1000. Kampeni ilihitaji kitu cha kukumbukika, na ikakipata. Ila ule mfululizo wa 2008 ulihusu utapiamlo wa mama na mtoto. Mama yumo, tena ametajwa kwanza. Tulipobaki na namba peke yake, mama akatoka kwenye hesabu, na zaidi ya robo ya siku zile ikatoka naye.

Hilo ndilo linaloniuma katika matumizi ya siku hizi. Mtu akianza kuhesabu siku ya kuzaliwa, anakuwa amefuta siku 270 ambazo njia pekee ya kumfikia mtoto ni kumhudumia mama. Na hizo si siku za kusubiri.

Chukua njaa ya Uholanzi. Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, magharibi mwa nchi hiyo iliyokuwa chini ya uvamizi wa Wajerumani, mgawo wa chakula wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1000 kwa siku. Njaa hiyo ilikuwa na mwanzo na mwisho unaojulikana, na kumbukumbu za uzazi hospitalini zilitunzwa vizuri, kwa hiyo miaka mingi baadaye watafiti waliweza kujua kila mtoto alikuwa na umri gani tumboni njaa ilipompata mama yake. Waliopatwa na njaa miezi ya mwisho ya ujauzito walizaliwa wadogo, jambo ambalo mtu angelitarajia. Waliopatwa nayo miezi ya mwanzo, kisha mama zao wakapata tena chakula, walizaliwa na uzito wa kawaida. Kwenye mizani walionekana salama. Lakini walipofika umri wa miaka 50 hivi, maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa mengi zaidi miongoni mwao kuliko kwa wenzao ambao mama zao hawakupitia njaa hiyo wakiwa wajawazito. Uzito wa kuzaliwa, ambao wengi wetu huuchukulia kama cheti cha ujauzito mwema, haukuwa umeonyesha chochote.

Nchini Uingereza, mtafiti wa maradhi David Barker na wenzake walifika karibu na hapo kwa njia nyingine. Walipata daftari za jimbo la Hertfordshire ambamo wakunga na wauguzi wa karne iliyopita waliandika uzito wa watoto walipozaliwa na walipofikisha mwaka mmoja. Mwaka 1989 walichapisha matokeo ya wanaume zaidi ya 5000 waliozaliwa kati ya 1911 na 1930: waliokuwa na uzito mdogo zaidi utotoni ndio waliokufa zaidi kwa maradhi ya moyo. Wazo hilo lilipingwa sana mwanzoni, na si kila kipengele chake kimesimama, lakini ndilo lililowafanya madaktari wa moyo waanze kuuliza habari za ujauzito. Hao wakunga nawaheshimu sana. Waliandika bila kujua nani angekuja kusoma.

Tena kuna jambo ambalo hata hesabu sahihi haiwezi kulibeba. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga kabla ya siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Wakati huo wanawake wengi hawajajua kama ni wajawazito. Vidonge vya asidi ya foliki, aina ya vitamini, hupunguza sana hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Jaribio la kimataifa lililochapishwa 1991, kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hilo, lilionyesha kuwa hatari ilipungua kwa asilimia 72. Lakini vidonge hivyo vinatakiwa viwe vimeanza kumezwa kabla ya mimba. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2016 mama ahudhurie kliniki angalau mara nane, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Pendekezo zuri sana, ila anayefika wiki ya 12 mrija ule umeshajifunga zamani. Kwa hiyo afya ya msichana kabla hajafikiria kuzaa nayo imo, ingawa haina siku yake katika zile 1000.

Naomba nieleweke hapa. Kumrudisha mama kwenye hesabu si kumtwika lawama. Wanawake wa Uholanzi hawakuchagua njaa. Mama aliyerudishwa kwenye hesabu ni mtu anayestahili chakula cha kutosha, madini ya chuma, kupimwa shinikizo la damu, mapumziko, na mume na ndugu wanaomsaidia mzigo. Anastahili hayo kwa ajili yake mwenyewe kwanza.

Kosa la pili liko upande wa mwisho, na hili huwaumiza zaidi wazazi. Watu husema "dirisha la siku 1000", kisha wanalifunga: mtoto akishatimiza miaka miwili, basi, imepita. Nadhani sehemu ya kosa hili imetokana na kuusoma vibaya utafiti wa Guatemala. Kati ya 1969 na 1977, katika vijiji vinne, wajawazito, wanaonyonyesha na watoto walipewa kinywaji cha nyongeza: vijiji viwili uji wenye protini uitwao atole, viwili kinywaji chepesi kisicho na protini. Watoto wakafuatiliwa hadi utu uzima. Wanaume waliopata atole tangu kuzaliwa hadi miaka miwili walikuja kuwa na kipato kwa saa kilicho juu kwa asilimia 46 hivi. Walioanza kuipata baada ya miaka mitatu hawakuonyesha faida hiyo. Ni matokeo makubwa. Lakini kilichopimwa ni uji. Utafiti ule haukusema kwamba baada ya miaka mitatu mtoto hafaidiki na kitu kingine chochote.

Uweke kando ya utafiti wa Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 watafiti waliwachukua watoto 129 wenye udumavu, yaani wafupi mno kwa umri wao, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa miaka miwili na mhudumu wa afya ya jamii, aliyemwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto. Tazama umri: aliyeanza na miezi 24 alimaliza akiwa na miaka minne. Wote walikuwa wameshadumaa kabla ya kuanza. Walipofikisha miaka 22 hivi, waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25. Chakula cha nyongeza, ambacho nacho kilijaribiwa hapo, hakikuacha faida ya kudumu ya namna hiyo. Mchezo na mazungumzo ndivyo vilivyoiacha.

Zile asilimia za ubongo zinazosambazwa nazo zisomwe hivyo hivyo. Ni kweli kwamba akiwa na miaka miwili ubongo wa mtoto umefikia karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Huo ni ukubwa. Mitandao ya ndani huendelea kupangwa hadi miaka ya ishirini. Ndiyo maana mwaka 2017 mtafiti Donald Bundy na wenzake walizungumzia siku 8000 za kwanza, yaani hadi karibu miaka 21. Hawakuwa wanazipinga zile 1000.

Kwa hiyo anayefundisha wazazi na aitoe sentensi ile ya "baada ya miaka miwili basi". Mzazi wa mtoto wa miaka mitatu akikuuliza kama amechelewa, mjibu kwamba kufidia urefu wa mwili ni vigumu zaidi sasa, lakini kujifunza, lugha na utulivu wa moyo bado vinajengwa, na vinajengwa kwa kuzungumza naye, kucheza naye na kumlisha vizuri. Na mjamzito akikuuliza siku zake 1000 zitaanza lini, mwambie zimeshaanza, kisha muulize yeye mwenyewe anaendeleaje.