"Kushoto ruksa" na uongo mwingine wa kwenye mataa

Darasa la bodaboda haliishi hapa Mwanza bila mtu kulisema, awe ametoka Buhongwa au Igoma: "Mwalimu, pikipiki ikikata kushoto haihusiki na taa nyekundu." Linasemwa kwa uhakika utadhani limeandikwa kwenye Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973. Halimo. Nyekundu inakusimamisha nyuma ya mstari, uwe unakwenda mbele, kulia au kushoto. Kinachokuruhusu kukata kushoto wakati huo ni mshale wa kijani wa kushoto. Pale palipojengwa njia ya kuchepuka kushoto kabla ya mstari, pita, lakini mpishe anayetoka kulia kwako.

Wanaobisha hudai kushoto hukatizi njia ya mtu. Hebu tuhesabu. Taa yako ikiwa nyekundu, waenda kwa miguu wanavuka zebra iliyo mbele ya tairi lako, na wamepewa kijani. Magari yanayotoka kulia kwako nayo yana kijani, na yanaingia kwenye barabara ileile unayoiingia wewe. Kama kuna awamu ya mshale wa kulia, wanaotoka upande unaokutazama pia wanamwagikia hapohapo. Hiyo ni mikondo mitatu. Wewe shingo umeigeuza kulia kutafuta mwanya wa kuchomeka, na mama mwenye ndoo ya dagaa anaingia zebra kutoka kushoto. Humwoni mpaka umemgusa. Halafu utasema alijitokeza ghafla.

Ndugu wa uongo huo ni ule wa kupenya kati ya magari na kwenda kusimama juu ya zebra, eti "sijavuka". Umevuka. Kosa linaanza tairi la mbele linapoupita mstari, si ukifika katikati ya makutano. Na kama nguzo ya taa iko usawa wa mstari, ukishaipita huioni tena; unabaki kuondoka kwa honi za walio nyuma, na honi ya daladala haijawahi kuwa taa. Kibaya zaidi ni kusimama ubavuni kushoto mwa lori au basi. Likikata kushoto, matairi yake ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele, yanakata kona kwa ndani, na ndani ndipo ulipo na abiria wako. Baki nyuma yake, mahali unapoona kioo chake cha pembeni. Usipokiona kioo, dereva hakuoni.

Njano si amri ya kuongeza mafuta. Maana yake simama, isipokuwa umeshakaribia mstari kiasi kwamba kusimama ni hatari. Kwa kilomita 40 kwa saa unatembea mita 11 kila sekunde. Sekunde moja inaisha kabla mkono haujafika kwenye breki, kisha unahitaji kama mita 11 nyingine kusimama kwenye lami kavu. Jumla ni 22, ukiwa peke yako. Ukiwa na abiria wawili (ambao hukupaswa kuwabeba) au gunia la dagaa kutoka Mwaloni, ongeza. Mvua ikinyesha, rangi ya zebra inateleza kuliko lami, kwa hiyo malizia kufunga breki kabla ya kuifikia. Tumia breki zote mbili! Wanaoiogopa ya mbele kwamba itawapindua ndio haohao wanaosimama katikati ya makutano.

"Faini ni elfu kumi tu." Kweli, mwaka 2021 faini ya bodaboda ilishushwa kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000. Kilichoshuka ni faini, kosa liko palepale.

"Taa ni ya kijani, trafiki ananizuia nini?" Mkono wa trafiki uko juu ya taa. Akikusimamisha, simama; akikuita kwenye nyekundu, nenda. Umeme ukikatika na taa zikazimika bila trafiki, punguza hadi mwendo wa kutembea na usiingie mpaka umeona wengine wamekuachia njia.

Zipo pia video za Marekani zinazozunguka kwenye simu, mwendesha baiskeli anasimama kwenye nyekundu kisha anajipitia. Katika jimbo la Idaho hilo linaruhusiwa kweli, baada ya kusimama na kuwapisha wengine. Barabara ya Nyerere haiko Idaho. Hapa baiskeli ni chombo cha usafiri na nyekundu inaihusu sawa na lori. Mwenye baiskeli asiyetaka kusubiri na magari ashuke, aikokote, avuke kwenye zebra kwa taa ya waenda kwa miguu. Akiipanda katikati ya zebra, amesharudi kuwa chombo.