Kasi si kipimo cha ubora wa mashine ya kujazia risasi

Wanunuzi wengi wa mashine za vituo vingi, yaani zenye sehemu kadhaa ambazo kila moja hufanya hatua yake ya kazi, za kujaza upya maganda ya risasi huamini kwamba inayotoa risasi nyingi zaidi kwa saa ndiyo bora. Ni kweli kwamba kila wenzo unaposhushwa, maganda yote yaliyo kwenye sahani inayoyashikilia hushughulikiwa kwa pamoja na risasi moja hukamilika. Lakini wingi huohuo wa kazi ndio unaoficha kosa. Ganda lisilo na baruti linaweza kupita bila kuonekana, kichwa chake kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ikaupasua.

Ndiyo maana ningeuliza kwanza idadi ya vituo. RL 550, mashine ya kampuni ya Dillon, ina vinne na sahani yake huzungushwa kwa mkono, ilhali XL 750 ya kampuni hiyohiyo ina vitano na sahani hujizungusha yenyewe, hivyo hupatikana nafasi ya kifaa cha kukagua kiwango cha baruti. Kuzungusha kwa mkono si udhaifu, kwani mtu anaweza kutua na kuchungulia ndani ya ganda. Ila akisahau kuzungusha, ganda moja laweza kupokea baruti mara mbili. Anayejaza risasi chache za kaliba mbalimbali hutosheka na mashine ya kituo kimoja.