Anayejikweza Anapokosolewa

Watu wenye narsisizimu, yaani wale waliozoea kujikweza na kuhitaji sifa kila mara, ni nadra kuja kwa hiari yao kupata ushauri nasaha. Wengi wao huletwa na mwenzi wa ndoa au mwajiri baada ya mambo kuharibika. Mmoja wao aliniambia kwa sauti tulivu kwamba hana msongo wowote wa mawazo, ilhali mguu wake ulikuwa ukitikisika chini ya kiti na jasho limemjaa juu ya mdomo. Kijana aliye chini yake kazini alikuwa amemsahihisha hesabu mbele ya kikao, naye kabla ya jua kutua akamwandikia barua ya onyo kwa kosa la kubuni.

Wengi huamini kwamba mtu wa namna hii huumiza wenzake kwa kuwa moyoni anajidharau, na kwamba dawa yake ni kuongezewa hali ya kujithamini. Mimi siafiki. Mwaka 1998, huko Marekani, wanasaikolojia Brad Bushman na Roy Baumeister walichapisha majaribio ambamo wanafunzi wa chuo waliandika insha, wakarudishiwa ikiwa imesifiwa au imebezwa vikali, kisha wakashindana katika mchezo ambao mshindi humpigia mwenzake kelele masikioni kwa kiwango anachokitaka. Waliopiga kelele kali kupita wote ni wale wenye narsisizimu waliokuwa wamebezwa, nao walimlenga aliyewabeza, si mtu wa pembeni asiyehusika. Kujithamini peke yake hakukuonyesha nani angekuwa mkali.

Kinachowasha moto, basi, ni kukosolewa, na mwili hulitambua jambo hilo kabla ulimi haujakiri. Mwanasaikolojia Robin Edelstein na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba, baada ya jaribio la kutia msongo mbele ya watu wanaowapima, kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa wakati wa msongo, ilipanda zaidi kwa wanaume wenye narsisizimu kubwa.

Kwa kawaida mtu aliyebanwa na msongo hulitatua tatizo lenyewe au huutuliza moyo wake. Kwa mteja wangu njia zote mbili zilikuwa zimefungwa, kwani kurekebisha hesabu kulimtaka akiri kosa, na kumweleza rafiki kulimtaka akiri kwamba ameumia. Akabakiwa na kumdhalilisha aliyemsahihisha, jambo lililompa nafuu ya saa chache, na nafuu hiyo ndiyo iliyomfanya arudie. Namwelewa, lakini kumwelewa hakumwondolei dhamana ya barua ile, na kijana hakustahili kuwa dawa ya maumivu ya mkubwa wake.

Tulianza na jambo dogo: asijibu ukosoaji wowote hadi alale na kuamka. Ilituchukua vikao vinne ndipo akasema, macho yake yakiwa sakafuni, "Siku ile niliona aibu." Wiki iliyofuata aliifuta barua.