Umri wa mgombea urais: Katiba imeishia wapi?

Hapa Bagamoyo, uchaguzi mkuu ukikaribia, swali halikosi barazani wala mnadani kwa wavuvi: "Huyu si mtoto bado?" Wa pili naye atauliza kama mzee fulani ataiweza safari.

Ibara ya 39 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inamtaka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, awe raia wa kuzaliwa na awe amependekezwa na chama cha siasa. Ukomo wa juu haupo. (Uganda walikuwa nao, miaka 75, Bunge lao likauondoa 2017.) Ubunge unaanzia miaka 21, kwa hiyo mtu wa miaka 35 anaweza kuwa waziri, lakini urais haombi. Mimi pengo hilo naliona kubwa mno, ila ndiyo sheria.

Aliyevuka 40 anapimwa na chama chake, na mfano tunao jirani. Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, aliomba uteuzi wa CCM mwaka 1995 akiwa na miaka 44. Walibaki watatu: yeye, Benjamin Mkapa wa miaka 56 na Cleopa Msuya wa 64. Akapita Mkapa. Kikwete alirudi 2005, akashinda urais akiwa na miaka 55. Wapo wanaosema alingoja tu akakua. Wanasahau kwamba miaka hiyo kumi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Kilichoongezeka hapo si mvi peke yake.

Mwalimu Nyerere naye alishika urais 1962 akiwa na miaka 40 tu. Mzee Mwinyi alianza na 60.

Linalosahaulika zaidi ni mgombea mwenza. Rais akifariki, Ibara ya 37 inampa Makamu kipindi chote kilichobaki. Machi 2021 Rais Magufuli alifariki akiwa na miaka 61, umri ambao hakuna aliyeuita uzee, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Basi anayehofia umri wa mgombea amtazame pia aliye pembeni yake, kisha ajumlishe miaka 10 ya mihula miwili: wa miaka 68 leo atatoka na 78.

Mwanachama ana nafasi ya kuyauliza haya mapema, kwenye vikao vya tawi lake. Karatasi za kura zikishachapwa, majina ni yaleyale yaliyoletwa na vyama.