Rasi ya Eyre kwa karavani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kusini mwa Australia kuna rasi pana yenye umbo la pembetatu. Mashariki yake ni Ghuba ya Spencer, magharibi ni Ghuba Kuu ya Australia. Kutoka Port Augusta barabara inashuka kilomita zipatazo 340 hadi Port Lincoln, kisha inapanda ukingo wa magharibi kwa kilomita 400 hivi hadi Ceduna. Hapo katikati kuna Coffin Bay, Elliston, Venus Bay, Streaky Bay na Smoky Bay, vijiji na miji midogo ambayo msafiri mwenye karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, huweza kuikalia siku mbili mbili bila kuchoka. Ni safari nzuri mno. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakiianza wakiwa na mawazo ambayo barabara itayavunja kwa nguvu.

Dhana: ni pwani tupu, haina watu wala historia

Nahodha Mwingereza Matthew Flinders alipita hapa Februari 1802 akichora ramani, akapoteza mabaharia wanane waliozama na mashua yao karibu na ncha aliyoiita Cape Catastrophe. Vibao vya watalii hupenda kuanzia hapo. Lakini Wabarngarla, Wanauo na Wawirangu, wenyeji wa asili wa rasi hii, walikuwa wakivua kwenye maji haya kwa maelfu ya miaka kabla yake. Upande wa kusini mwa rasi bado zipo nyigo zao za mawe, kuta fupi zilizopangwa ufuoni ili maji yakitoka samaki wabaki ndani. Uvuvi wa pwani hii ulianzia hapo.

Yapo pia ya kusikitisha. Juu ya majabali ya Elliston, yanayoitazama Waterloo Bay, kuna mnara wa kumbukumbu ya mauaji ya mwaka 1849, ambapo Waaborijini, wenyeji wa asili, waliuawa na walowezi. Idadi yao inabishaniwa hadi leo, na mji wenyewe ulijadiliana kwa uchungu kuhusu maneno ya kuandikwa kwenye jiwe. Wengi huegesha pale kwa ajili ya picha ya bahari. Soma na jiwe.

Dhana: hii ni miji ya wavuvi tu

Tazama ukubwa wa maghala ya nafaka kabla ya kutazama boti. Sehemu kubwa ya rasi hii ni mashamba ya ngano na shayiri na malisho ya kondoo, na magati marefu ambayo leo wageni husimama juu yake na fito za kuvulia hayakujengwa kwa ajili ya samaki. Yalijengwa ili meli za matanga ziweze kupakia ngano na sufu mahali ambapo maji ya kina yako mbali na ufuo. Bandari ya Thevenard, jirani na Ceduna, mpaka sasa inapakia jasi, chumvi na nafaka.

Jambo hili linamgusa mwenye karavani moja kwa moja. Mavuno huanza karibu Oktoba na kuendelea hadi kuelekea mwisho wa mwaka, na wakati huo malori marefu ya nafaka yanakwenda mchana na usiku. Ukiwa na redio ya UHF, ile ya kuzungumza gari kwa gari, madereva wa malori utawasikia chaneli 40. Wenye karavani wengi hutumia 18. Lori likikukaribia kutoka nyuma, mwambie dereva kwamba umemwona, shikilia mwendo wako usibadilike, na umwachie yeye achague pa kukupita. Kuvamia ukingo wa changarawe kwa hofu ni kubaya zaidi kuliko kubaki ulipo.

Na huo uvuvi wenyewe si kama unavyodhaniwa. Utajiri wa Port Lincoln ni jodari wa kusini, lakini jodari huyo havuliwi na kuletwa sokoni jioni ile ile. Kati ya Desemba na Machi hivi, makundi ya samaki wachanga huzingirwa kwa nyavu katika Ghuba Kuu, huhamishiwa kwenye vizimba vinavyoelea, na vizimba hivyo huvutwa polepole sana hadi karibu na Port Lincoln. Huko samaki hulishwa dagaa kwa miezi kadhaa mpaka wanenepe, kisha wengi wao husafirishwa kwenda Japani. Mtindo huu ulianza miaka ya mwanzo ya 1990, baada ya mgawo wa uvuvi kupunguzwa sana kwa sababu samaki walikuwa wamekwisha kuvuliwa kupita kiasi. Aina hii bado imo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, ingawa mwaka 2021 daraja lake la hatari lilishushwa kwa kuwa idadi yake imeanza kurudi. Kwa hiyo ukiona boti kubwa zimefungwa bandarini siku nzima usidhani biashara imelala.

Chaza wa Coffin Bay nao wana kisa chao. Wale wa asili walikokotwa kutoka chini ya ghuba katika karne ya 19 hadi wakaisha. Wanaofugwa leo kwenye vikapu ni chaza wa Pasifiki, ambao asili yao ni pwani za Asia.

Dhana: pikapu ikiandikwa kwamba inavuta tani 3.5, basi inavuta tani 3.5

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linaloua.

Kila gari la kuvuta lina kikomo cha uzito wa pamoja: gari lenyewe, watu, mizigo na karavani, vyote kwa mkupuo. Chukua pikapu ambayo kikomo chake cha pamoja ni kilo 6,000. Ikivuta karavani ya kilo 3,500, gari limebakiwa na kilo 2,500. Pikapu ya milango minne ikiwa tupu inaweza kuwa na kilo 2,100 au zaidi. Zilizobaki ni mia nne hivi, nazo ni za watu wanne, tangi la dizeli, friji, chuma cha mbele cha kuzuia kangaruu, hema la juu na vifaa vya uvuvi. Zimekwisha kabla hujafunga buti. Halafu upo uzito unaokalia ndoano ya nyuma ya gari inayoshika karavani, ambao kwa karavani kama hiyo unaweza kufika kilo 350. Huo nao huhesabiwa kwenye mzigo ambao magurudumu ya gari yanaruhusiwa kubeba.

Maji ndiyo husahaulika kuliko vyote. Lita moja ni kilo moja. Matangi mawili ya lita 95 yakijaa ni kilo 190, na kama yamefungwa nyuma ya ekseli yanainua pua ya karavani na kuifanya nyuma iwe nzito. Karavani yenye mkia mzito hutikisika kushoto na kulia ikipigwa na upepo wa ubavuni, na barabara ya magharibi ya rasi iko wazi kwa upepo wa bahari karibu safari nzima. Kipimo kinachotumiwa sana Australia ni kwamba ndoano ibebe takriban asilimia 10 ya uzito wa karavani. Vitu vizito viwe chini na juu ya ekseli. Pima kila kitu kwenye mizani ya magari ukiwa umekwisha kupakia, abiria wakiwa ndani.

Karavani ikianza kuyumba, wengi hukanyaga breki kwa nguvu. Usifanye hivyo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, na bonyeza kwa mkono kidhibiti cha breki za karavani peke yake ili ijivute nyuma na kunyooka. Kidhibiti hicho dereva akijue kilipo bila kuangalia. Vibao vya barabara kuu huruhusu kilomita 110 kwa saa. Mimi naona 90 ni mwendo wa mtu mwenye busara akiwa na mzigo nyuma, na chini ya hapo siku ya upepo. Jua likikaribia kuzama uwe umeshaegesha, maana huo ndio wakati wa kangaruu kutoka vichakani.

Dhana: kiangazi ndio wakati bora, kwa kuwa bahari inapooza joto

Desemba na Januari kambi hujaa, na ni kweli kwamba siku nyingi upepo wa kusini huingia alasiri na kuleta nafuu. Lakini zipo siku ambazo upepo hugeuka ukavuma kutoka kaskazini, kutoka jangwani, mkavu na wa moto, kabla ya upepo wa baridi kuufukuza. Siku hizo bahari haisaidii kitu.

Tarehe 11 Januari 2005 ilikuwa moja ya siku hizo. Moto ulioanza jana yake karibu na Wangary, kusini mwa rasi, ulikimbia kwa upepo huo hadi pwani ya mashariki. Watu tisa walikufa, baadhi yao wakiwa ndani ya magari wakijaribu kutoroka. Huko North Shields watu waliingia baharini kujinusuru.

Kwa hiyo asubuhi ya siku ya joto kali, angalia kiwango cha hatari ya moto kabla hujachemsha chai. Siku kikifika kiwango cha juu kabisa, mbuga hufungwa, na mtu mwenye karavani anatakiwa awe mjini mapema, si kungoja aone moshi. Kuvuta karavani ndani ya moshi kwenye barabara nyembamba ni jambo ambalo halina njia salama ya kulifanya. Weka redio ya ABC, shirika la utangazaji la taifa, ya eneo hilo ikiwa wazi, kwa sababu kati ya mji na mji simu hupotea.

Kama una uhuru wa kuchagua, nenda Machi au Aprili, upepo ukiwa umetulia na bahari bado haijapoa. Au nenda majira ya baridi uonane na nyangumi.

Dhana: maji utayapata kila utakaposimama

Mwaka 1836 Kanali William Light alitumwa kutafuta mahali pa kujenga mji mkuu wa koloni jipya la South Australia. Port Lincoln ilikuwa na bandari ya asili ya ajabu, lakini hakukuwa na maji baridi ya kutosha, akaiacha na kuchagua Adelaide. Tatizo hilo halijaondoka. Rasi haina mto mkubwa. Inategemea maji ya chini ya ardhi yanayopungua na bomba linaloleta maji kutoka Mto Murray, mbali sana. Ujenzi wa kiwanda cha kuondoa chumvi karibu na Port Lincoln umezua ubishi mkali na wafugaji wa kome wanaohofia ghuba yao. Katika hali hiyo, mgeni anayeosha karavani nzima kwa mpira wa bomba la umma anachukua cha watu. Jaza matangi palipo na kibao cha kuruhusu, lipia pale inapotakiwa, na chumvi uifute kwa ndoo na kitambaa.

Dhana: unaweza kulala popote pazuri

Hapana. Halmashauri za miji hii zina kambi zao rahisi za ufuoni, nyingine kwa kibali cha bei nafuu, na nyingi zinataka uwe na choo chako ndani. Choo cha kaseti, kile chenye tangi dogo la kuchomoa, humwagwa kwenye vituo maalumu tu. Vibali vya mbuga za taifa hukatwa mtandaoni kabla ya kufika. Ndani ya mbuga ya Coffin Bay, lami inaishia Yangie Bay. Zaidi ya hapo ni mchanga laini wa magari yenye nguvu ya magurudumu manne, na karavani ibaki nyuma.

Dhana: hakuna leseni ya uvuvi, basi vua utakavyo

Nusu ya kwanza ni sahihi. Jimbo la South Australia halidai leseni kwa anayevua baharini kwa fito na mshipi kwa ajili ya kujifurahisha. Lakini mitego ya kambakochi na baadhi ya nyavu lazima visajiliwe, na aina nyingi za samaki zina urefu wa chini na idadi ya kuchukua kwa siku. Maofisa wa uvuvi hukagua magatini na kwenye kambi, na friji ya karavani wanaweza kuomba ifunguliwe. Beba rula.

Dhana: hatari ya pwani hii ni papa

Papa weupe wapo. Visiwa vya Neptune, kusini mwa Port Lincoln, ndipo watu hushushwa ndani ya vizimba kuwatazama. Mwaka 2023 watelezaji mawimbi wawili waliuawa na papa katika pwani ya magharibi, mmoja karibu na Elliston na mwingine karibu na Streaky Bay. Sitalipunguza hilo. Ila msafiri wa kawaida hatelezi mawimbi alfajiri. Anasimama juu ya mwamba na fito yake, mgongo ukiwa kwa bahari anapofunga chambo. Mawimbi ya Bahari ya Kusini yamesafiri maelfu ya kilomita bila kukutana na nchi kavu, na baada ya nusu saa ya utulivu linaweza kuja moja linalofagia mwamba mzima. Mwamba ukiwa umelowa, bahari imeshafika hapo, nawe usisimame.

Dhana: Ceduna ndio mwisho

Kwa wengi ndipo wanapogeuza. Lakini kati ya Juni na Oktoba hivi, ukiendelea magharibi takriban kilomita 300, unafika Head of Bight, ambako nyangumi wa kusini huja kuzaa chini kabisa ya majabali, na unaweza kusimama juu ukamwona mama na mtoto wake bila darubini. Barabara ni ya lami yote tangu 1976. Jaza mafuta kila kituo bila kuuliza kinachofuata kiko wapi. Na ukirudi, kula matunda yako kabla ya Ceduna: kuna kituo cha ukaguzi kwa kila anayetoka magharibi, kinachofanya kazi saa 24, na matunda na mboga mbichi huishia kwenye pipa lao ili nzi wa matunda asiingie mashambani.